Ngazi ya mita 5: kimo na pembe zake

Mdogo wangu, swali lako linataka kimo ambacho ngazi iliyoegemea ukuta inafika, pamoja na pembe zake. Ngazi yako ni mita 5, mguu wake uko mita 1.3 kutoka ukutani, nawe umepata kimo cha mita 5.17. Hebu tazama: kimo ambacho ngazi inafika ukutani kimeizidi ngazi yenyewe! Haiwezekani. Upande unaoikabili pembe ya nyuzi 90 ndio mrefu kuliko yote, na hapa upande huo ni ngazi. Kwa hiyo hujumlishi miraba ya pande, unatoa: mraba wa 5 ni 25, mraba wa 1.3 ni 1.69; 25 toa 1.69 ni 23.31, kipeuo chake cha pili ni karibu 4.83. Ngazi inafika mita 4.83.

Pembe ya chini, kati ya ngazi na ardhi, usiitafute kwa 4.83, maana umeshaikadiria. Tumia namba ulizopewa: kosini, yaani upande wa chini ulio kando ya pembe hiyo gawanya kwa ngazi, ni 1.3 gawanya kwa 5, sawa na 0.26. Kosini kinyume inakupa nyuzi 74.9. Kikokotoo kikileta 1.31, kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe; kibadilishe kiwe kwenye nyuzi. Pembe ya juu ni 90 toa 74.9, nyuzi 15.1.

Kila mara chora kwanza, hata mchoro mbaya. Kosa lako ungeliona kabla ya kuanza hesabu.