Maswali ya Wasomaji: Salfaiti ndani ya Maji ya Boila

Barua za mwezi huu zinatoka kwa watu wanaokaa karibu na boila kila siku, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, namba ninayoipata kwenye maabara inasema kweli?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwendesha boila katika kiwanda cha chai wilayani Mufindi. Kila asubuhi tunatia salfaiti ya sodiamu kwenye tangi la maji ya kulisha boila, kwa kipimo kilekile. Ninapopima maji ya boila kwa titresheni, yaani kudondosha dawa ya kupimia tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, siku moja ninapata miligramu 40 kwa lita, siku inayofuata 5, na siku nyingine rangi ya buluu inatokea kwa tone la kwanza kabisa, yaani salfaiti ni sifuri. Msimamizi anasema dawa ni mbovu. Naomba unisaidie kujua kama tatizo ni dawa, ni maji, au ni mimi ninayepima.

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya kuilaumu dawa, tazama kwanza jinsi unavyochota maji. Salfaiti tunaitia ndani ya boila kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba huikamata oksijeni iliyoyeyuka majini na kugeuka kuwa salfeti, ili oksijeni hiyo isipate nafasi ya kula chuma na kuacha vile vishimo vidogo vyenye kina ambavyo hutoboa bomba hata kama sehemu nyingine yote ya bomba bado ni nzima. Tabia hiyohiyo inayoifanya iwe na faida ndani ya boila ndiyo inayoiharibu sampuli yako nje ya boila. Maji yakitoka yakiwa ya moto, yakamwagika kutoka juu kuingia kwenye ndoo au bika iliyo wazi, kisha yakaachwa mezani yapoe wakati mpimaji anashughulikia kazi nyingine, salfaiti inaendelea kuungana na oksijeni ya hewani dakika kwa dakika. Ukija kudondosha dawa ya kupimia, unapima mabaki ya kile kilichokuwa ndani ya boila, na mabaki hayo yanategemea ulichelewa kiasi gani siku hiyo.

Kwa hiyo sampuli ipite kwenye kipozeo, yaani bomba la chuma kisichoshika kutu lililokunjwa mizunguko mizunguko ndani ya chombo chenye maji baridi yanayotembea. Fungua maji baridi kwanza, ndipo ufungue vali ya sampuli polepole, kwa kuwa maji ya boila yenye mgandamizo hugeuka mvuke papo hapo yanapokutana na hewa na yanaweza kukuunguza vibaya. Acha maji yapite kwa dakika chache ili yale yaliyolala ndani ya bomba yaondoke. Kisha ingiza mpira mwembamba mpaka kwenye kitako cha chupa, acha chupa ijae na kufurika, halafu ifunge bila kuacha hewa juu. Joto la sampuli liwe chini ya nyuzi 50, na likikaribia joto la chumba ni bora zaidi. Usiyachuje maji hayo kwa karatasi iliyo wazi hata kama yana uchafu kidogo, kwa sababu kuyachuja ni kuyapitisha hewani tone kwa tone. Chota mahali palepale kila mara, pale maji yanapotoka kwa mfululizo kutoka kwenye ngoma ya boila, na si kwenye vali ya chini inayofunguliwa kutoa tope.

Baada ya hapo, upimaji wenyewe si mgumu. Kwenye flaski ya koni tia kwanza asidi, yaani mililita 1 ya asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, pamoja na punje chache za asidi ya salfamiki, takriban gramu 0.1, ambazo huondoa naitraiti inayoweza kupotosha jibu. Anayetayarisha mchanganyiko huo akumbuke kumimina asidi ndani ya maji taratibu, na wala si maji ndani ya asidi. Kisha ongeza mililita 50 za sampuli kwa pipeti, yaani mrija wa kuvutia na kupimia kimiminika, ncha yake ikiwa imezama ndani ya kimiminika ili maji yasianguke na kuchanganyika na hewa. Ongeza mililita 1 ya maji ya wanga, na hapo hapo anza kudondosha kutoka kwenye bureti, yaani mrija wenye alama za mililita na koki chini, mchanganyiko wa iodeti na iodaidi ya potasiamu. Ndani ya asidi viwili hivyo huzaa iodini, iodini inakutana na salfaiti na kumalizwa, na rangi haionekani. Pindi salfaiti yote inapokwisha ndani ya flaski, iodini ya tone linalofuata inabaki bila wa kuimaliza, inaingia kwenye wanga, na buluu hafifu inatokea. Soma bureti pale buluu hiyo inapodumu baada ya kuzungusha flaski. Zungusha kwa upole, maana ndani ya asidi sehemu ya salfaiti huwa gesi ya salfa daioksaidi, na anayeitikisa flaski kwa nguvu anaifukuza gesi hiyo na kupata namba ndogo kuliko ile ya kweli.

Kama maji yako yana shaba, kwa mfano pale ambapo mvuke uliopoa na kuwa maji ya moto unarudi kupitia mirija ya shaba, tia EDTA kidogo, yaani kemikali inayoikamata shaba, kwenye chupa mara unapochota, kwa kuwa shaba huharakisha salfaiti kuungana na oksijeni.

Fanya hivyo kwa wiki moja, kwa saa ileile na mkono uleule. Ikiwa bado namba zinaruka, sasa una haki ya kuyatazama maji na dawa. Lita moja ya maji ya nyuzi 25 katika usawa wa bahari hubeba oksijeni ya miligramu 8 hivi, na maji ya nyuzi 80 hubeba karibu 3 tu. Kila miligramu 1 ya oksijeni inahitaji miligramu 7.9 za salfaiti ya sodiamu iliyo safi, na watu wengi wa kazi hii huhesabu 10 ili kubaki na akiba. Maana yake ni kwamba tangi linapopoa kwa sababu mvuke uliopoa haukurudi kiwandani usiku huo, kila mita moja ya ujazo ya maji inadai gramu 60 na zaidi za dawa badala ya gramu 25 hivi, na kipimo kilekile cha asubuhi hakiwezi kutosha. Andika joto la tangi kando ya namba ya salfaiti kwenye daftari lako. Mara nyingi safu hizo mbili zikikaa pamoja, sababu inaonekana bila kumwita mtu.

Ipo pia hali ya dawa kudhoofika kabla ya kufika kwenye boila. Salfaiti iliyoyeyushwa kwenye pipa lisilo na mfuniko, tena ikachanganywa kila mara kwa kukorogwa, inaliwa na hewa humo humo. Iyeyushe kidogo kidogo, pipa lifunikwe, na bomba la dawa liingie chini ya uso wa maji. Tena ni afadhali itiwe kwa pampu ndogo inayotia mfululizo kuliko kumwaga yote asubuhi; maji ya saa tisa alasiri nayo yana oksijeni, na hayakuwepo tangini ulipomwaga.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa maabara mjini Eldoret. Maelekezo ya kampuni iliyotuuzia dawa yanataka salfaiti iwe kati ya miligramu 30 na 60 kwa lita, lakini hayasemi ni 30 za kitu gani. Fomula niliyofundishwa inatoa jibu kama ioni ya salfaiti, yaani salfaiti peke yake bila sodiamu. Je, kuna tofauti?

Jibu: Ipo, na si ndogo. Salfaiti ya sodiamu ina uzito wa molekuli wa 126, ilhali ioni ya salfaiti peke yake ni 80, kwa hiyo jibu la ioni huzidishwa kwa 1.57 ili kulipata jibu la salfaiti ya sodiamu. Anayesoma 30 akidhani ni ioni kumbe ni salfaiti ya sodiamu, kwa kweli anabaki na 19 tu za ioni.

Kuhusu fomula, chukua mililita zilizotumika kwenye sampuli, toa mililita zilizotumika kwenye jaribio tupu, yaani maji safi yaliyopitishwa hatua zilezile, zidisha kwa nomaliti, yaani kipimo cha nguvu, ya mchanganyiko wa bureti, zidisha kwa 40,000, kisha gawanya kwa mililita za sampuli. Mchanganyiko wa kawaida ni wa nomaliti 0.0125, unaopatikana kwa kuyeyusha gramu 0.4458 za iodeti ya potasiamu iliyokaushwa, gramu 4.35 za iodaidi ya potasiamu na gramu 0.31 za baikaboneti ya sodiamu ndani ya maji mpaka kufikia lita 1. Ukiutumia na sampuli ya mililita 50, hesabu inakuwa nyepesi sana, kwani kila mililita 1 ni miligramu 10 za ioni kwa lita. Tuseme sampuli imetumia mililita 3.6 na jaribio tupu 0.1. Zinabaki 3.5, nazo ni miligramu 35 za ioni kwa lita, au 55 zikihesabiwa kama salfaiti ya sodiamu. Namba zote mbili ni sahihi, ila kwenye daftari ni lazima iandikwe ni ipi kati ya hizo. Andikeni pia kwa kampuni iliyowauzia dawa muulize maana ya 30 yao. Swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa maandishi.

Usiliruke jaribio tupu kwa kuwa linaonekana dogo. Pale salfaiti inapokuwa chini, 0.1 ya bureti ni miligramu 1 nzima.

Swali: Ninasimamia boila ya hospitali, mvuke wake unaenda kwenye vyombo vya kutakasia vifaa, kufulia na jikoni. Tunatumia kisanduku cha kupimia kwa kuhesabu matone. Buluu inatokea, lakini nikihesabu hadi ishirini inapotea, nikiongeza tone inarudi na kupotea tena. Nisimame wapi?

Jibu: Jiulize mambo mawili. La kwanza ni joto. Iodini na wanga havishikani vizuri kwenye maji ya moto, na buluu hupauka hata kama salfaiti imekwisha. Poza sampuli kwanza, na huenda tatizo likaisha hapo.

La pili ni rangi ya maji yako kabla hujatia chochote. Ikiwa ni ya kahawia kama chai nyepesi, inaelekea dawa yenu ina tanini, ambayo hutolewa kwenye magome ya miti kama miwati, ile inayolimwa Njombe. Tanini nayo hula iodini, ingawa polepole kuliko salfaiti, na ndiyo maana buluu inaonekana kisha inamezwa. Ukifuata kila tone mpaka buluu isimame kabisa utakuwa umeihesabu tanini kama salfaiti, utaandika namba kubwa, na boila yako itakuwa imelindwa kidogo kuliko daftari linavyosema. Katika hali hiyo simama kwenye buluu ya kwanza iliyoenea flaski nzima na kudumu kama nusu dakika baada ya kuzungusha, ukichagua muda huo na kuushika kila siku, watumishi wote wakiufuata. Muulize pia aliyewauzia dawa jinsi ya kusahihisha namba kwa ajili ya tanini yake. Chupa ya matone ishikwe wima kabisa, kwa kuwa tone la chupa iliyoinama halina ukubwa uleule.

Kwa kuwa mvuke wako unafika jikoni, nafurahi kwamba mnatumia salfaiti. Haidrazini, ambayo hutumika kwenye baadhi ya boila kuondoa oksijeni, ni sumu na haifai kabisa pale mvuke unapogusa chakula. Mtu akija kuwashauri mbadilishe, mwambieni mvuke wenu unaenda wapi kabla hajaanza kueleza bei.

Swali: Je, nikitia salfaiti nyingi zaidi ili nisipate sifuri kamwe, kuna ubaya gani?

Jibu: Salfaiti na salfeti zote ni chumvi zinazobaki ndani ya boila maji yakigeuka mvuke. Ukizidisha, chumvi iliyoyeyuka inapanda, inabidi utoe maji ya boila mara nyingi zaidi, na kila unapoyatoa unamwaga kuni au mafuta uliyokwisha kuyachoma. Boila za mgandamizo mkubwa zina sababu nyingine: kuelekea baa 60 (baa ni kipimo cha mgandamizo) salfaiti huanza kuvunjika na kutoa gesi zinazoufanya mvuke uliopoa kuwa na asidi, kwa hiyo huko hutumika dawa nyingine. Kwa boila ndogo za baa 7 au 10, shika kiwango mlichopewa, na unapopata sifuri nenda kwanza kwenye tangi ukaguse kipimajoto, kisha kwenye pampu ya dawa uone kama inavuta, ndipo ufungue gunia.