Raundi Isiyo na Doa: Je, Sisi Wachezaji wa Ridhaa Tunaiweza?

Nilikuwa nimesimama kwenye tii, mahali pa kuanzia, ya shimo la 15 kati ya 18. Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya gofu, nilikuwa nimefika hapo nikiwa mikwaju sita tu juu ya pari, ile idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari. Nina hendikapu 14, yaani siku zangu nzuri humaliza kama mikwaju 14 juu ya pari, na mtu wa hendikapu hiyo hazoei kuona hesabu kama ile. Nikatoa kadi mfukoni, nikajumlisha upya kuanzia shimo la kwanza, kisha nikaanza kupiga hesabu ya mbele: nikipata pari katika mashimo yote manne yaliyobaki, namaliza na 78. Nikiteleza mara moja, 79. Sikuwa nimewahi kushuka chini ya 80. Nikairudisha kadi mfukoni, nikashika draiva, fimbo ya mapigo marefu, na viganja vikaibana fimbo kana kwamba kuna mtu anataka kuninyang'anya.

Mpira ukaenda kulia, chini ya miti. Nilipoufikia nikaona uwazi kati ya vigogo viwili, upana wake kama mlango, na nyuma ya uwazi ule griini yote, ule uwanja wa nyasi laini wenye shimo, inaonekana. Nikapiga. Ukagonga kigogo cha kushoto ukarudi nyuma yangu. Nikapiga tena, uwazi uleule. Ukagonga tawi, ukadondoka hatua tano mbele, bado mitini. La nne nikautoa kando, la tano likaingia kwenye mchanga, la sita nikautoa mchangani, kisha mawili ya kusukuma kwenye griini. Nikaandika 8 kwenye shimo la pari 4. Shimo la 16 nikapata bogi, mkwaju mmoja juu ya pari, la 17 bogi mbili, yaani mikwaju miwili juu, la 18 bogi. Jumla 86.

Wenzangu wakanishika mkono, maana pari ya uwanja ni 72, ukiongeza 14 unapata 86 kamili: nilikuwa nimecheza sawasawa na hendikapu yangu. Mimi nilikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuwasha injini.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kujibu swali ambalo wachezaji wapya huniuliza mara kwa mara: hivi mtu asiyecheza kwa kulipwa anaweza kupata raundi kamilifu? Zamani nilikuwa najibu hapana, tunaendelea na mengine. Sasa najibu kwa kirefu, kwa hiyo nivumilie.

Tukianza na kadi, raundi kamilifu haipo kwa yeyote. Makocha wawili, Pia Nilsson na Lynn Marriott, walijenga mafundisho yao juu ya namba 54, yaani kupata badi, mkwaju mmoja chini ya pari, katika kila shimo kati ya yote 18 ya uwanja wa pari 72. Annika Sörenstam, mchezaji wa kulipwa wa Sweden aliyelelewa katika fikra hizo, alipiga 59 mwaka 2001. Mmarekani Jim Furyk alipiga 58 mwaka 2016, na hadi leo hakuna raundi ndogo kuliko hiyo katika historia ya PGA Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya kulipwa kule Marekani. Lakini raundi ya Furyk inayonigusa zaidi ni ile ya 2013, alipopiga 59. Ndani ya kadi ile kuna bogi moja. Siku ambayo binadamu alicheza karibu na ukamilifu kuliko karibu kila aliyewahi kushika fimbo, kuna shimo alilolikosea, akaliandika, akaendelea.

Kama hujawahi kupima ugumu wa mchezo huu kwa namba, jaribu hesabu hii ndogo. Shimo lina upana wa milimita 108. Ukiwa mita tatu kutoka shimoni, uso wa fimbo ukipinda nyuzi moja tu, mpira unafika kwenye ukingo. Hapo bado hatujataja mwinuko wa griini wala kasi ya mpira. Ukipiga mpira wa mita 200 ukaondoka nyuzi mbili kando ya ulikolenga, utaanguka mita saba pembeni hata kama haukujipinda hewani. Wachezaji wa kulipwa wa kiwango cha juu, wanaofanya kazi hii kila siku, wakiwa futi 8 kutoka shimoni hutumbukiza karibu nusu tu ya mipira yao. Futi 8 ni kama mita mbili na nusu! Mara ngapi umejikasirikia kwa kukosa mpira wa umbali huo?

Hata hendikapu yenyewe watu wengi hawaielewi, na kutoielewa kunawaumiza bure. Tangu mfumo wa dunia nzima ulipoanza mwaka 2020, hendikapu hupatikana kwa kuchukua raundi zako 20 za mwisho na kutoa wastani wa zile 8 bora. Yaani namba ile inapima siku zako nzuri. Siku ya kawaida utacheza vibaya kuliko hendikapu yako, na hilo ndilo linalotegemewa. Namjua mtu aliyekaribia kuuza fimbo zake kwa sababu alidhani 14 ni wastani, kwa hiyo kila alipopiga 90 alijiona anashuka kiwango.

Basi kama kadi haiwezi kuwa kamilifu, kuna kitu gani kingine cha kutafuta? Jibu nililipata kwa mzee mmoja ninayecheza naye, mtu wa maneno machache, aliyekuwa kwenye kundi letu siku ile ya 86. Wiki iliyofuata nilikuwa bado nalalamika.

"Mzee, nilikuwa naelekea 78," nikamwambia.

"Nilikuona, mwanangu. Pale kwenye tii ulikuwa unajumlisha." Akainama kuokota mpira wake. "Pigo la kwenda mitini halina neno, kila mtu huenda mitini. Lile la pili ndilo hukupaswa kulipiga."

Sikulala vizuri siku hiyo. Nilipoirudia kadi nikaona amesema kweli, tena zaidi ya alivyokusudia. Kosa la kwanza, lile la tii, gharama yake ilikuwa mkwaju mmoja. Mikwaju mingine mitatu ya shimo lile ilizaliwa na kosa hilo kwa sababu mimi nililikubalia lizae. Na bogi mbili ya shimo la 17 nayo ni mjukuu wake, kwani nilikuwa nalipiza kisasi cha shimo la 15 kwa kulenga bendera iliyojificha nyuma ya mchanga.

Hapo ndipo nilipopata maana yangu ya raundi kamilifu, na ndiyo ninayompa kila anayeniuliza: ni raundi ambayo hakuna kosa lililozaa kosa. Utakosea, tena mara nyingi. Kila kosa lilipiwe bei yake lenyewe, likome hapo.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Tiger Woods katika mashindano ya US Open ya mwaka 2000 kwenye uwanja wa Pebble Beach, Marekani. Alishinda kwa tofauti ya mikwaju 15. Wengi wanaikumbuka tofauti hiyo, wanasahau kwamba siku ya tatu, kwenye shimo la 3 la pari 4, aliandika 7. Mikwaju mitatu ilipotea kwa mpigo. Siku hiyo alimaliza na 71, sawasawa na pari ya uwanja. Yaani licha ya kuvurugikiwa vile, aliifidia mikwaju yote mitatu katika mashimo mengine, na lile 7 likabaki peke yake kwenye kadi, halina ndugu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jioni moja uwanja ukiwa mtupu, nilirudi kwenye miti ile ya shimo la 15 na mipira kumi. Niliiweka palepale, nikaipiga mmoja mmoja kupitia uwazi ule. Mitatu ilipita. Mmoja tu kati ya hiyo mitatu ulifika kwenye griini. Saba ilibaki mitini, na miwili kati yake sikuiona tena. Kisha nikaitafuta mingine kumi, nikaitoa kando kwenda kwenye nyasi fupi kwa fimbo ya chuma namba 7: mpira karibu na mguu wa nyuma, mikono mbele kidogo, fimbo irudi hadi usawa wa goti tu. Tisa ilitoka.

Fanya hesabu ya shimo hilo. Tii ni moja, kutoa kando ni mbili, kupiga hadi griini ni tatu, kusukuma mara mbili ni tano. Bogi. Mtu wa hendikapu 14 akipata bogi baada ya kuingia mitini amefanya kazi nzuri. Ukikosa griini ni 6. Ili upate 8 kwa njia hii lazima uharibu mambo mengine mengi. Nakusihi ulifanye jaribio hili mwenyewe, kwenye miti yako mwenyewe, kwa sababu akili ya mchezaji humwambia kwamba uwazi ule anaupita mara saba kati ya kumi. Mimi niliamini hivyo miaka mingi.

Kuhusu kadi: siku hizi simjumlishii mtu yeyote katikati ya raundi, hata mimi mwenyewe. Naandika namba ya shimo, nafunga. Chini ya namba, ikiwa kuna mkwaju uliozaliwa na kosa lililotangulia, naweka nukta kwa penseli. Mpira uliokwenda majini hauna nukta. Mpira wa pili uliokwenda majini kwa sababu niliupiga haraka kwa hasira, huo una nukta. Nikifika nyumbani nahesabu nukta kabla ya kuhesabu mikwaju. Siku ya 86, nilipoiweka kwa kumbukumbu, zilikuwa sita.

Kati ya pigo baya na linalofuata kuna mwendo wa dakika mbili tatu, na katika dakika hizo ndipo kosa hutungwa mimba. Mimi huvua glavu mara tu baada ya pigo baya, naishika mkononi njia nzima, naivaa tena nikisimama kwenye mpira. Wakati naivaa najiuliza jambo moja: mpira huu, ungekuwa umefika hapa kwa pigo zuri, ningeupiga wapi? Huko ndiko naupiga.

Kwenye griini ni rahisi zaidi. Ukiwa mita 12, usilenge kutumbukiza; lenga mpira ufie ndani ya urefu wa fimbo kutoka shimoni. Wengi wetu tukikosa mpira mrefu tunaukimbilia ule mfupi tukiwa bado tumekasirika, na huo ndio unaotupa misukumo mitatu. Na ukihisi mpira wako wa tii umepotea au umetoka nje ya mipaka, piga wa akiba hapohapo kabla hujaanza kutembea. Tangu 2019 muda wa kutafuta ni dakika tatu tu, na mtu anayerudi nyuma hadi kwenye tii akiwa anahema hapigi vizuri.

Mwaka mmoja na zaidi baada ya siku ile, nilicheza raundi ambayo naiita kamilifu bila kusita. Sikupata badi hata moja. Pari saba, bogi kumi na moja, jumla 83. Nilikwenda mitini mara tatu, mara zote nikautoa kando. Kwenye shimo moja la pari 5 mpira wangu wa kwanza ulikwenda majini. Nikavua glavu. Nikaudondosha mpira mwingine, na kwa adhabu lile lililofuata likawa pigo la tatu. Nililipiga kwa chuma, la wastani tu, katikati ya nyasi fupi. La nne griini. Misukumo miwili. Sita. Wakati naiandika ile 6 nilihisi furaha ambayo sijawahi kuihisi kwa badi yoyote.

Kwenye shimo la 18 nilibakiwa na mpira wa mita moja hivi, bila kujua jumla yangu. Mzee alikuwa ameshika bendera. Ukaingia. Akanipa mkono, akaomba kadi yangu, akaitazama juu hadi chini, akaigeuza kuangalia nyuma kana kwamba kuna kitu kimefichwa kule.

"Hakuna nukta," akasema.

Raundi yangu ya mwisho ilikuwa na mbili, zote kwenye shimo la 7, upande wa kushoto ambako nyasi ni ndefu na mteremko unashuka kuelekea mchangani. Mara zote mbili nilichukua fimbo ndefu kuliko ilivyostahili. Keshokutwa jioni naenda pale na mipira kumi.