Maswali ya Wasomaji: Sikujua Kwamba “Ulikuwa” Umeoa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi huwatembeza wageni hapa Nungwi, Unguja. Juzi mgeni mmoja kutoka Uingereza alinisikia nikizungumza na mke wangu kwa simu, akaniambia, “I didn't know you were married.” Nilimjibu upesi kwamba bado nimeoa na sijamwacha mke wangu, naye akacheka sana. Kwa nini alitumia wakati uliopita ilhali ndoa yangu ipo?
Msomaji, Nungwi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mgeni wako hakuigusa ndoa yako hata kidogo. Alikuwa akieleza habari ya akili yake mwenyewe. Katika Kiingereza, kitenzi cha kujua, kudhani, kuamini au kutambua kikiwa katika wakati uliopita, kwa kawaida hukivuta nyuma pamoja nacho kitenzi kinachokifuata, hata kama jambo linalosemwa lingalipo hadi leo. “Didn't know” imekwenda nyuma, basi na “are” ikalazimika kuwa “were”. Kiswahili hakina sharti hilo. Tukisema “sikujua kwamba umeoa”, ni “sikujua” peke yake inayobeba wakati uliopita, na “umeoa” hubaki kama lilivyokuwa jambo lenyewe siku zile za kutojua. Lakini mtu akisema “sikujua kwamba ulikuwa umeoa”, wasikilizaji wataanza kuulizana kama mke amekwisha kuachwa. Hapo ndipo uliponaswa: uliyasikia maneno ya Kiingereza kwa sikio la Kiswahili.

Kosa hilohilo hutupata sisi tukielekea upande wa pili. Katika miaka yangu ya kusahihisha madaftari nimekutana na “I thought you are a teacher” mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na simlaumu mwanafunzi, kwa kuwa kwetu “nilidhani wewe ni mwalimu” ni sahihi kabisa. Mwenye lugha hutarajia “I thought you were a teacher”. Tena jambo likiwa lilitangulia hata ile dhana yenyewe, kitenzi hurudi hatua moja zaidi. Mwaka 1492 Christopher Columbus alifika katika visiwa vya Karibi akidhani amefika Asia, na Kiingereza husema, “Columbus thought he had reached Asia.” Angalia nilivyoandika mimi: “akidhani amefika”. Kiambishi -me- kimetosha, maana Kiswahili humpeleka msimulizi akasimame pale aliposimama Columbus, ufukweni, na kulitazama jambo kwa macho yake. Msemaji wa Kiingereza hubaki alipo leo na kuupima umbali kutoka hapa.

Kuna ruhusa moja. Jambo likiwa bado ni kweli, na msemaji mwenyewe akilikubali, anaweza kuacha kulirudisha nyuma: “Galileo believed that the Earth moves round the Sun.” Angesema “moved” pia asingekosea. Ila kwa imani iliyokwisha kubainika kuwa si kweli ruhusa hiyo haipo, na ndiyo sababu hutasikia Columbus akitajwa kwa “has reached” baada ya “thought”.

Lililo gumu zaidi halionekani kwenye maandishi. Kwetu, mtu akianza na “nilidhani”, tunajua kwamba “kumbe” iko njiani. Kiingereza hutumia mkazo wa sauti. Chukua sentensi “I thought it would rain.” Mkazo ukiangukia neno la mwisho, mvua haikunyesha na msemaji anakiri kwamba alikosea, ukiangukia “thought”, mvua imenyesha naye anajisifu kwamba alitabiri. Maneno ni yaleyale, herufi kwa herufi, na msomaji wa barua hana budi kukisia kutokana na yaliyotangulia. Hawana neno moja linalofanya kazi yote ya “kumbe”. Mara husema “it turned out that”, mara “I hadn't realised”, mara huanza tu kwa “so” na kuiachia sauti ikamilishe. Kwa hiyo maneno ya mgeni wako mimi ningeyatafsiri “Kumbe umeoa!”, wala nisingetafuta tafsiri nyingine.

SWALI: Mwalimu, nakusalimu kutoka Leeds, Uingereza, ninakofanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Bibi mmoja alipoikosa miwani yake alisema, “I could have sworn I'd left my glasses here.” Nilishtuka nikidhani yuko tayari kuapa kwamba nimeichukua mimi. Bibi huyohuyo humtaja bwana mmoja na kusema, “I should have married him,” nami sijui kama waliishia kuoana au la.
Msomaji, Leeds

JIBU: Dada yangu, hakuna aliyekushuku. “I could have sworn” ni msemo wa mtu aliyekuwa na hakika kiasi cha kuweza kula kiapo, ila sasa anaona mambo yakimpinga; anayelaumiwa hapo ni kumbukumbu yake. Angekuwa bibi wa Kiswahili angesema, “Mbona niliiacha hapahapa!”

Kuhusu huyo bwana, hawakuoana. “Should have” ya majuto hueleza lililokuwa jema kutendwa lakini halikutendwa. Ukiitafsiri “nilipaswa kuolewa naye” unaliacha jambo likining'inia, kwa sababu Kiswahili huruhusu mtu apaswe na kisha atende. Afadhali “laiti ningaliolewa naye”, ambayo haiachi shaka. Usishangae usiposikia “have” ikitamkwa vizuri. Humezwa hata ikasikika kama “of”, na wako wenye lugha yao wanaoandika “should of”, jambo linalowaudhi sana walimu wao.

Tega sikio pia kwa kisauti kidogo cha 'd. “I wish I knew” ni majonzi ya asiyejua sasa hivi. “I wish I'd known” ni ya mtu ambaye hakujua wakati ule, na sasa amejua akiwa amechelewa. Vitabu vyetu vya sarufi huigawa kazi hiyo kati ya -nge- na -ngali-, ingawa katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu tunasema “ningejua” kwa yote mawili na kuliachia tukio lenyewe lieleze wakati. Nalisema hili bila kulaumu, lakini sipendi kuona -ngali- ikizikwa. Methali isemayo “Ningalijua huja nyuma” imekigeuza kitenzi kizima kuwa jina la majuto, na sijui Kiingereza kingelifanyaje jambo hilo kwa “if only I had known”.

Siku nyingine bibi akimtaja bwana yule, muulize, “What was he like?”

SWALI: Mwalimu, niliomba nafasi katika chuo cha ng'ambo, nikajibiwa kwa barua iliyoanza “We regret to inform you”. Kama wanajuta, je, huenda wakabadili uamuzi?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Ndugu yangu, “regret” ikifuatwa na “to” si majuto, ni adabu ya barua: “tunasikitika kukuarifu” jambo ambalo ndilo kwanza linasemwa. Majuto ya jambo lililokwisha kutendwa huhitaji umbo jingine, kama mtu aandikapo “I regret selling the farm”, yaani shamba limeuzwa na roho inamuuma. Wangekuwa wameujutia uamuzi wao wangeandika “we regret rejecting your application”. Barua yako ni ya aina ya kwanza.