Chokaa au saruji katika kuta za granaiti?
Ndugu, umeuliza kwa nini wanaogeuza mabanda ya kale ya mashambani huko Aberdeenshire, Uskoti, kuwa ofisi hushauriwa kuziba viungo vya kuta kwa chokaa, si kwa saruji. Granaiti yenyewe hainyonyi maji kwa urahisi, kwa hiyo unyevu ulioingia ukutani hutafuta pa kutokea kwenye viungo, ambako chokaa huuacha ukauke, ilhali saruji huufungia ndani hadi ukaozesha vichwa vya boriti na kubandua lipu. Vile vijiwe vidogo vilivyopachikwa kati ya mawe makubwa, ambavyo kwangu ndivyo uzuri hasa wa kuta hizo, visifukiwe kamwe. Mwanga nao uingie kupitia malango mapana ya mikokoteni, yakiwekewa vioo, kabla ya kufikiria kutoboa madirisha mapya.