Siti binti Saad alipendwa kwa nini? Ya kuzingatia kwa mwimbaji wa leo

Waulize waimbaji chipukizi wa taarab kwa nini Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja wa mwanzo wa karne ya ishirini, alipendwa, wengi watakujibu neno moja: sauti. Sauti alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, akakulia kwenye kazi ya ufinyanzi, na kutembeza vyungu kwa miguu huku ukiwaita wanunuzi ni chuo tosha cha kupaza sauti. Lakini sauti nzuri hazikuwa adimu Unguja. Tangu enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, taarab ilikuwa ikipigwa katika kasri, na kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Wapigaji walikuwapo, waimbaji walikuwapo. Nyimbo zenyewe zilikuwa za Kiarabu, na walio wengi mjini wakisikia utamu bila kupata neno.

Siti alihamia mjini mwaka 1911. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1897, na Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida iliyo nje ya Mji Mkongwe, ilijaa watu waliotoka utumwani au waliozaliwa na waliotoka utumwani, kama alivyozaliwa yeye mwenyewe. Akawaimbia kwa Kiswahili. Kiarabu na Kihindi aliimba pia, maana alialikwa majumbani mwa Waarabu na Wahindi na mbele ya Sultani, ila kilichomtoa kwa umma ni kwamba neno lake lilifika sikioni likiwa zima. Mwimbaji anayetaka kujifunza kwake aanzie hapo, kabla ya nguo, kabla ya madoido ya koo, kabla ya video.

Neno halifiki zima kwa bahati. Ubeti mwingi wa taarab una mishororo mitatu, kila mshororo una mizani (silabi) 16 iliyogawanyika nane kwa nane, ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili). Mpaka huo wa nane ndipo mwimbaji anapopata pumzi na fidla inapopata nafasi ya kujibu. Chukua mshororo kama huu, wa aina inayoandikwa kila siku: "Mwenye nyumba amepandisha kodi bila kutuambia." Unasomeka vizuri. Uhesabu sasa: mizani 18, na mizani ya nane imeangukia katikati ya "amepandisha". Mwimbaji atavuta pumzi baada ya "amepandi", msikilizaji atapata kipande cha neno, na akishughulika kukiunganisha tayari mshororo wa pili umempita. Upange hivi: "Kodi imepanda juzi, mwenye nyumba hasikii." Nane, nane. Kila upande una maana yake kamili, pumzi imekaa mahali pake, na mtu aliyeusikia mara moja anaweza kuuimba kesho yake akifua. Mwimbo usioweza kuimbwa na mtu anayefua hautoki nje ya ukumbi.

Angalia na vina. Neno la mwisho ndilo linalovutwa, na irabu "a" hufungua kinywa, sauti ikatoka pana. Ukivuta "u" au "i" kwenye noti ya juu kabisa, koo hubana na neno hupotea. Kama shairi limeshaandikwa kwa vina vya "i", shusha sauti ya mwisho ya mshororo kwa noti mbili tatu badala ya kumlazimisha mwimbaji apande. Watunzi wengi na wapigaji wengi hawakai pamoja kulijadili jambo hili, na ndipo unapokuta shairi zuri na lahani (mahadhi) nzuri vinagombana.

Yaliyomo ndani ya maneno ndiyo yaliyomtofautisha zaidi. Siti na wenzake, akiwamo Subeti bin Ambar, Mbaruk Talsam, Maalim Shaaban na Buda Swedi, waliimba mapenzi, naam, lakini waliimba pia habari za mji. Mfano unaojulikana mno ni wimbo wa Kijiti. Ni habari ya mwanamume wa jina hilo aliyemuua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, kisha akakimbilia bara, na adhabu ya mahakama ikawaangukia wanawake waliokuwa na marehemu. Kila aliyekuwa mjini alilijua tukio lile. Wimbo haukuwapa habari mpya. Uliwapa hukumu, ukasema kwa sauti kile ambacho watu walikuwa wakinong'ona barazani kuhusu haki iliyopinda. Hiyo ndiyo kazi iliyompa mapenzi ya watu: aliyasema yao, kwa ufasaha wasiokuwa nao, mbele ya wakubwa ambao wao wasingeweza kuwakabili. Tukumbuke ni mji ambao mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Watu walikuwa na la kusema.

Hapa pana hatari, na inafaa kuieleza wazi kwa sababu waimbaji wa leo wanaipata vibaya. Kuimba tukio la umma, lililofika mahakamani na kujulikana na kila mtu, si sawa na kumtaja jirani kwa jina kwa jambo ulilosimuliwa. La pili linakuletea kesi, na hata lisipoleta kesi, wimbo unakufa ugomvi unapokwisha. Kama kisa ni cha watu binafsi, tumia fumbo: badilisha kazi ya mtu, badilisha mtaa, geuza mtu ndege au chombo cha bahari, ubakize lile tendo tu. Jaribu fumbo lako kwa watu watatu wasiokijua kisa. Wakiona maana bila kuuliza "ni nani huyo?", limekaa. Wakiuliza jina, umeandika uvumi. Siti mwenyewe alipotungiwa maneno ya kumdharau kwa asili yake na sura yake, hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa beti kwamba uzuri na nasaba si hoja, hasara ni kukosa akili, na jibu hilo limeishi kuliko waliomchokoza.

Jambo jingine linasahaulika: alikuwa akifikika. Nyumbani kwake Ng'ambo watu walikuja usiku kusikiliza wapigaji wakifanya mazoezi, na nyimbo zilipita kwenye masikio ya majirani kabla ya kufika kwenye harusi na majumba makubwa. Mwimbo unaotoka moja kwa moja studio haujapata mtu wa kuukataa. Tenga usiku mmoja kwa wiki, bila vipaza sauti, udi na dumbaki na fidla moja vyatosha, alika watu kumi au kumi na watano wa rika mbalimbali, na waimbie wimbo mara mbili tu. Usiulize kama wameupenda, watakuambia ndiyo kwa heshima. Waombe wakurudishie maneno. Mahali watakapokosea wote, hapo shairi lako lina kasoro, si wao.

Kisha kuna santuri. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na sauti yake ikaanza kwenda mahali ambapo miguu yake haikufika. Aliyekuwa na gramafoni aliiweka wazi, na walio nje ya mlango wakasikia bila kulipa. Lakini santuri ya inchi 10, inayozunguka mara 78 kwa dakika, hubeba takribani dakika tatu kila upande. Taarab ya ukumbini inaweza kwenda nusu saa. Piga hesabu: ubeti mmoja ukiimbwa kwa mwendo wa pole, mshororo ukarudiwa na fidla ikajibu, unakaribia dakika nzima. Kwa hiyo upande mmoja ni beti tatu au nne, na wimbo mrefu ukagawanywa pande mbili. Ufunguzi wa ala ukapunguzwa ukawa mfupi sana. Mtunzi ilimbidi achague beti zenye uzito na kuziweka mwanzo.

Nidhamu hiyo ichukuliwe leo hata kama simu yako inaweza kurekodi saa nzima. Andika beti nane, rekodi nne. Ubeti unaodhani ni wa kilele, mara nyingi ndio unaopaswa kuwa wa kwanza au wa pili. Ukumbini urudishe zote nane, huko watu wamekuja kukaa na wanataka nafasi ya kuinuka kukutunza pesa.

Ukumbini ndiko kazi nzuri inakoharibiwa sana siku hizi. Kinanda na besi hupandishwa mpaka maneno yanazama, halafu mwimbaji anapiga kelele kushindana navyo, na kelele huua konsonanti: "kodi" inasikika "odi". Kabla ya watu kuingia, msimamishe mtu nyuma kabisa ya ukumbi, mwimbaji aimbe mshororo ambao mtu yule hajawahi kuusikia, naye aurudie. Akishindwa, shusha besi kwanza, kisha kinanda, usipandishe maikrofoni. Maikrofoni ikae upana wa vidole vinne kutoka kinywani, na isogezwe mbali kidogo mwimbaji anapopaza. Endelea hivyo mpaka mtu wa nyuma arudishe mshororo mzima.

Anayetaka kumsikia Siti mwenyewe ili ajifunze, awe mwangalifu na nakala za mtandaoni. Nyingi zimenakiliwa kwa mwendo usio sahihi. Kosa la asilimia 6 tu hupandisha au kushusha sauti kwa nusu toni, na mwanafunzi anayeiga nakala iliyokimbia ataumiza koo akitafuta noti ambayo Siti hakuiimba. Ukiona mwimbaji anatamka upesi kuliko kawaida na udi unasikika mwembamba, punguza mwendo kidogo kidogo mpaka sauti ya mtu irudi kuwa ya mtu.

Wenye santuri zenyewe majumbani, zilizoachwa na bibi na babu, wasizisafishe kwa spiriti wala dawa yoyote yenye alkoholi, kwani huyeyusha utomvu uliotengenezewa santuri na mifereji haitarudi tena. Tumia kitambaa laini, maji yaliyochemshwa yakapoa na tone la sabuni ya maji, futa kwa kufuata mifereji, usiloweshe karatasi ya katikati. Zikauke zikiwa zimesimama, na zihifadhiwe zikiwa zimesimama, maana zikilazwa kwa rundo za chini hupasuka. Sindano ya chuma ya gramafoni ya kutia ufunguo hubadilishwa kila baada ya upande mmoja. Ikishakatika ncha inachimba mifereji. Kwenye mashine ya umeme, sindano ya santuri za baadaye ni nyembamba mno kwa mifereji hii ya zamani, hushuka chini na kusoma vumbi. Tafuta sindano ya santuri za 78, nakili upande mzima mara moja, na keti na kalamu uandike maneno mshororo kwa mshororo kabla ya kujaribu kuimba hata neno moja.