Shangazi, kabati limejaa lakini sina cha kuvaa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, ni mhasibu, ofisi yetu iko Posta na nyumbani ni Kimara. Nina watoto wawili, wa mwisho ana miezi saba na bado ananyonya. Zamani nilikuwa nasifiwa kwa kuvaa. Sasa nina magauni mawili tu nayavaa kwa zamu, mengine yote hayanitoshi, na nywele nazifunga kitambaa. Naamka saa kumi alfajiri, napika uji, namwandaa mkubwa wa shule, nampigia mume wangu shati pasi, saa kumi na mbili kasoro niko kituoni. Kuna mama anatuletea nguo ofisini tunalipa kidogo kidogo. Ananidai 180,000, na nguo zenyewe sijazivaa. Jumapili iliyopita mume wangu kaniambia mbele ya dada yake, "Siku hizi umejisahau." Nikacheka nao, usiku nikalia. Nikitaka kununua nguo naona nawadhulumu watoto, maana ada ya mkubwa inakuja Januari. Nivumilie tu mpaka wakue? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu.

Mchana ulicheka nao, usiku ukalia peke yako. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama hapo.

Usivumilie mpaka wakue. Huyo wa miezi saba ana miaka mingi ya kukua, na katika miaka yote hiyo wewe utapanda mwendokasi, utakaa kwenye vikao, utaitwa shuleni, utakwenda harusini na msibani. Hayo ndiyo maisha yako yenyewe. Hayajasimama mahali kukusubiri.

Unasema magauni hayakutoshi, na unavyolisema ni kama mwili wako ndio uliokosea. Yale magauni yalishonwa kwa vipimo vya mwanamke ambaye hajabeba mimba ya pili. Alikuwa anapendeza, naamini kabisa. Lakini anayeamka saa kumi ni wewe, na nina hakika tangu ujifungue hujasimama mbele ya fundi akakupima upya. Hata hizo nguo za mkopo, sema kweli, ulichukua saizi yako ya zamani ukitumaini utazirudia. Ndiyo maana hujazivaa.

Leo usiku toa magauni yako ya kitenge, yageuze ndani nje, uangalie ubavuni. Fundi anayejua kazi huacha akiba ya kitambaa pande zote mbili. Mwaka niliorudi kazini baada ya kumzaa mwanangu wa tatu, nilikaa kwenye stuli kwa fundi wangu Magomeni, nikamwangalia akifumua gauni langu la kijani kwa wembe, uzi baada ya uzi. Mshono ulipoachia, kile kitambaa kilichokuwa kimejikunja ndani kilikuwa kibichi kabisa, kijani cha siku niliyokinunua, hakijapigwa jua hata mara moja. Gauni likaongezeka vidole viwili kila upande, na mstari wa rangi mbichi ukabaki unaonekana ubavuni, kutoka kwapani hadi chini. Nililivaa hivyo hivyo miaka minne. Niliupenda ule mstari.

Yasiyo na akiba, yagawe. Usiyaweke "nikipungua". Kila ukifungua kabati yatakusema.

Kisha ushone moja jipya, moja tu, la huyu aliyepo leo. Chagua kitenge cha pamba, kwa joto la Dar hakuna kinachokishinda. Chomoa uzi pembeni uuchome kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi ikaacha jivu laini, kitambaa cha nailoni au poliesta huyeyuka kikaganda kama punje ngumu. Kiloweke na kukianika kabla ya kumpelekea fundi, maana pamba hurudi, na gauni lililorudi baada ya kushonwa halina dawa. Mwambie aweke vifungo mbele, au zipu mbili zilizofichwa kwenye mishono ya kifua, ili unyonyeshe bila kuvua. Na uchukue maua makubwa ya rangi nzito. Doa la maziwa kwenye rangi moja nyepesi huonekana toka mlangoni. Hilo nililijua nikiwa nimesimama mbele ya wageni wa ofisi na blauzi ya krimu, na nakumbuka mpaka leo walivyokwepesha macho.

Nywele usizihangaikie. Suka twende kilioni, mistari minene, bila rasta. Wiki mbili asubuhi hudaiwi kitu na kioo.

Lakini mwanangu, nguo ni sehemu ndogo ya barua hii. Nimesoma asubuhi yako na nimehesabu. Kuanzia saa kumi mpaka kasoro ya kumi na mbili umemhudumia kila mtu aliye ndani ya nyumba, na wewe umebaki na muda wa kufunga kitambaa. Mumeo anapendeza akitoka, shati limenyooka. Limenyooka kwa sababu nusu saa yako imelala juu ya lile shati. Halafu mwenye shati anasema umejisahau! Hukujisahau. Unawakumbuka watu watatu kabla jua halijachomoza, na wa nne hapati zamu.

Simwiti mumeo mtu mbaya. Huenda hajawahi kuiona hiyo asubuhi, kwa kuwa yeye huamka kila kitu kikiwa tayari. Kwa hiyo mwonyeshe. Wifi yako mwache kando, neno hili si lake. Ngoja watoto walale, kaa naye, mwambie: "Lile neno la Jumapili liliniuma. Kuanzia kesho naomba mkubwa umwandae wewe, na shati lako ulipige pasi mwenyewe usiku. Hiyo nusu saa naitaka." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini kama umechoka basi", najua ulimi utataka kulisema. Mwache ajibu yeye. Na siku ya kwanza akimvalisha mtoto soksi zisizofanana, usiamke kusahihisha. Atakwenda shule nazo, atarudi salama.

Kazini nako kuna muda wako ambao huenda hujauomba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 wengi tunaijua kwa zile siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kwenda Kimara na kurudi Posta katikati ya kazi haiwezekani, hilo tunalielewa wote. Basi andika barua fupi kwa mkuu wako, uombe mpange muda huo uwe wa kutoka mapema, na nakala ubaki nayo. Ukifika nyumbani mapema, nguo za kesho utaziandaa jioni na siyo saa kumi gizani.

Deni sasa. Nguo ulizochukua ukaziweka, mrudishie yule mama na umwombe azitoe kwenye hesabu. Akikataa, wenzako ofisini wenye saizi hiyo watanunua. Usichukue nyingine mpaka umalize. Siku ukimaliza, kile kiasi ulichokuwa unamlipa kila mwezi endelea kukitoa, nusu ya ada, nusu ya fundi. Wewe ni mhasibu, hesabu hii unaiweza kuliko mimi. Lakini ukiiandika, andika na jina lako, kama ulivyoandika la mtoto. Gauni moja la mama anayeleta mshahara nyumbani halimdhulumu mtu. Na huyo wako mkubwa, kama ni binti, anakuangalia kila asubuhi ukijifunga kile kitambaa.

Ukienda Kariakoo kwa ajili ya kitenge, chukua na doti moja ya kanga. Moja umbebee mtoto, nyingine ikae kwenye mkoba wa kazini, kwa mvua, kwa doa la maziwa, kwa kiyoyozi cha ofisi. Soma jina lake kabla hujalipa, na usikubali muuzaji akuchagulie. Kisha uniandikie, nataka kujua uliichukua yenye jina gani.

Shangazi yako