Ugali wa saa nane usiku, na maswali mengine ya wanaokesha

Tangu niguse habari ya saa ya mwili, ule mfumo wa ndani unaoupangia mwili muda wa kulala, kuamka na kula, katika safu hii, meseji nyingi zimekuja kutoka kwa watu ambao Dar inawategemea wakati wengine tumelala. Nimechagua tano.

*Shikamoo dokta. Nalinda ghala, naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi, huu mwaka wa sita. Nikirudi nalala masaa saba, hakuna wa kunisumbua. Pombe sinywi, sigara sivuti. Mbona kliniki wanasema presha imepanda na sukari iko mpakani?* — Mlinzi, Chang'ombe

Marahaba. Kwa hesabu ya masaa, usingizi unao. Kinachokuangusha ni kwamba unalala na kula saa ambazo mwili haukuzitarajia.

Ndani ya ubongo kuna kifundo kidogo cha seli kama 20,000 kinachopokea habari ya mwanga kutoka machoni na kuuarifu mwili mzima kama ni mchana au usiku. Lakini hakiko peke yake. Ini lina saa yake, kongosho lina yake, moyo, misuli, hata mafuta ya kitambi. (Wamarekani Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Nobeli mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi jeni zinavyoziendesha saa hizi, na waligundua kwa kumchunguza nzi mdogo anayezunguka matunda.) Ile saa kuu hufuata mwanga. Ya ini husikiliza sana chakula. Ukila ugali maharage saa nane usiku, ubongo unasema ni usiku wa manane, ini linaambiwa ni mchana, na kila mmoja anashika lake.

Kongosho nalo saa hizo linatoa insulini, homoni inayoshusha sukari, kwa kusuasua, kwa sababu melatonini, homoni ya giza, inalizuia. Ugali uleule, mboga ileile, ungeula saa saba mchana, sukari isingepanda kiasi hicho wala isingekaa juu muda mrefu hivyo. Na presha kwa kawaida hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 mtu anapolala usiku. Hapo ndipo moyo na mishipa hupumua. Kwa wengi wanaokesha mteremko huo hufifia.

Habari njema ni kwamba sehemu ya chakula iko mikononi mwako. Mwaka 2021 watafiti wa Boston waliwaweka vijana 19 wenye afya katika mazingira ya kazi ya usiku. Waliokula usiku sukari yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 6.4, waliokula mchana tu, ingawa nao walikesha vilevile, haikupanda. Ni watu wachache na ni maabara, si lindo la Chang'ombe, lakini mwelekeo unaeleweka.

Kwa hiyo shiba saa kumi na moja jioni, kabla hujatoka nyumbani. Usiku kunywa maji, au chai isiyo na sukari. Najua yule mama wa chapati anafika getini saa tano na harufu yake haina huruma. Tumbo likikataa kabisa, yai la kuchemsha au kiganja cha karanga kitakuvusha. Asubuhi kula kidogo, ulale. Kama umeshaanzishiwa dawa ya sukari, usiruke mlo wowote kabla ya kuongea na kliniki, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka kazini. Na ukienda kupima, sema mapema kwamba unakesha. Wahudumu wengi hawaulizi.

*Ratiba yetu inapangwa ovyo: usiku mbili, asubuhi moja, jioni, tena usiku. Si bora niombe usiku moja kwa moja?* — Muuguzi, Temeke

Ungekuwa bora kama hata siku za mapumziko ungeishi kama popo. Hutaweza, dada. Kuna watoto, kuna ibada, kuna msiba wa jirani saa nne asubuhi.

Omba mambo mawili: usiku usizidi mitatu mfululizo, na zamu zizunguke kwenda mbele, yaani asubuhi, kisha jioni, kisha usiku. Saa ya mwili ya watu wengi huenda taratibu kidogo kuliko saa 24, hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Anayepanga ratiba hatumii hata shilingi ya ziada kwa mabadiliko hayo, ndiyo maana huwa nakereka nikiona zamu zimerushwa kama karata.

Uchunguzi wa makundi mawili ya wauguzi wa Marekani, jumla zaidi ya 189,000, uliochapishwa 2016, uliona kwamba waliozunguka na zamu za usiku kwa miaka kumi au zaidi walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 15 hadi 18 zaidi ya wenzao. Hatari ipo, ila si ya kukutoa machozi, na katika kundi moja ilionekana kupungua kadiri miaka ilivyopita tangu mtu aache zamu hizo.

*Naamka saa kumi alfajiri niwahi gari la Posta, narudi saa tatu usiku, nalala saa sita. Jumapili nalala mpaka saa tano asubuhi. Nafidia?* — Gongo la Mboto

Kidogo tu. Deni la masaa unalipunguza, lakini saa ya mwili unaisogeza, halafu Jumatatu unairudisha kwa nguvu. Katika utafiti mmoja wa watu karibu 2,000 wenye miaka 45 na zaidi, waliokuwa na masaa ya kulala yasiyotabirika kabisa walipata maradhi ya moyo karibu mara mbili ya wenye mpangilio.

Jumapili amka saa moja au saa mbili, toka nje upigwe na jua, kisha lala tena baada ya chakula cha mchana. Siku za kazi kula jioni ukiwa bado mjini, badala ya wali saa tatu na nusu ukipanda nao kitandani. Na hayo masaa matatu kati ya kufika na kulala, wewe na simu yako mnajua yanaishia wapi.

*Vidonge vya presha ninywe asubuhi au usiku? Kuna jamaa kijiweni anasema usiku ndiyo vinafanya kazi.* — Mstaafu, Magomeni

Shikamoo mzee. Jamaa hakutunga, kuna utafiti uliodai hivyo. Lakini Uingereza waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 21,000, matokeo yakatoka 2022: asubuhi au jioni, mshtuko wa moyo na kiharusi vilikuwa sawa. Kunywa saa ambayo hutasahau. Ile ya kukojosha, asubuhi, la sivyo utashinda chooni usiku kucha.

*Naendesha boda usiku, enaji tatu mpaka nne. Siku hizi moyo unadunda hata nikilala.* — Kijana, Tegeta

Mdogo wangu, kafeini, kile kinachokuamsha ndani ya enaji, huchukua kama masaa matano kupungua nusu tu. Kopo la saa kumi alfajiri bado linakuamsha saa tatu asubuhi, na kila kopo lina sukari yake, saa ambazo kongosho limesinzia. Bakiza moja, mwanzoni mwa kazi. Macho yakianza kufumba, egesha pikipiki ulale dakika ishirini mahali salama. Ila huo mdundo unaokufuata kitandani usiuache: nenda ukapimwe umeme wa moyo wiki hii. Ukiambatana na maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, nenda saa hiyohiyo, na akuendeshe mtu mwingine.